Sifa katika programu: Kwa nini salio halifai kuachwa wazi

MTEJA anapotoa Sh500 kwa wakala wa M-Pesa katika barabara ya Tom Mboya, katikati mwa jiji la Nairobi, salio lake hupungua. Hata hivyo, tarakimu hiyo haiandikwi na wakala wala na mteja mwenyewe. Mteja hutuma ombi kwa simu, nao mtambo hukagua nambari ya siri na kupima iwapo pesa zatosha, ndipo hulipunguza salio.

Hiyo ndiyo nidhamu inayotakiwa katika uundaji wa programu kwa mtindo wa "vitu", ulioasisiwa nchini Norway katika miaka ya 1960 na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kupitia lugha ya Simula. Kila kitu huwa na sifa zake, mathalan jina la mwenye akaunti na salio, pamoja na vitendo vyake, kama vile kupokea na kutoa.

Kosa la wanagenzi ni kuziacha sifa wazi. Iwapo salio laweza kuandikwa kutoka sehemu kumi za programu, kanuni kwamba lisishuke chini ya sufuri yapasa kurudiwa mara kumi. Ikisahaulika mara moja tu, pesa zimepotea, na kuitafuta sehemu yenye kosa ni kazi ya siku nyingi.

Dawa inayofundishwa ni kuificha sifa na kuipa vitendo viwili, kimoja cha kuisoma na kingine cha kuiandika. Lugha ya C#, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2000, iliipa jozi hiyo umbo lake maalumu. Hapa ndipo wengi hupotoka, kwani kitendo cha kuandika kisichokagua chochote ni mlango usio na kufuli. Akaunti haihitaji amri ya "salio liwe kiasi hiki". Yahitaji "pokea" na "toa". Mhasibu naye hafuti jumla daftarini, bali huandika muamala mpya.

Sifa nyingine hazifai hata kuhifadhiwa. Umri ukokotolewe kutokana na tarehe ya kuzaliwa, la sivyo aliyesajiliwa akiwa na miaka 17 hatatimiza 18 kamwe.

Faida ya kuficha huonekana mambo ya ndani yanapobadilika. Mitambo ya M-Pesa, huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015, lakini wateja waliendelea kutuma na kutoa pesa kwa njia ile ile.

Mwaka 2017, kampuni hiyo yenye makao makuu Westlands ilifungua Daraja, njia ya kuunganisha programu za nje na M-Pesa. Programu ya duka la Lavington au Kangemi huomba malipo, mnunuzi huingiza nambari ya siri kwenye simu yake, na duka hupokea jibu. Salio la mnunuzi halilioni, sembuse kuliandika.