Ukungu wa Bafuni: Tujifunze kwa Nyumba za Kale za Pwani

Leo tunazungumzia ukungu, yale madoa meusi yanayotambaa kwenye kuta na dari ya bafu, hasa huku pwani ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima.

Bafu la ndani ya nyumba si jambo geni kwetu. Ukitembelea magofu ya Gede, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, utaona vyoo na mahali pa kunawia vilivyojengwa ndani ya nyumba karne nyingi zilizopita. Huko Lamu, nyumba kubwa za mawe zilikuwa na bafu lenye birika la maji, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Kuta za nyumba hizo zilipakwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa. Chokaa ikiwa mpya ni kali, na ukungu hauoti juu yake kwa urahisi. Tena haizibi ukuta, hivyo unyevu ulioingia hupata njia ya kutoka. Ukali huo hupungua kadiri siku zinavyopita, ndiyo maana kuta huhitaji kupakwa upya.

Baadaye ujenzi ulibadilika. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na nyumba za saruji zikaenea. Saruji ni imara, hatuilaumu. Shida ni kwamba vyumba vingi vya kupangisha vina bafu dogo lisilo na dirisha, na kuta zake zimepakwa rangi ya mafuta. Mvuke hauna pa kutokea. Maji hubaki ukutani, na ukungu hujilisha kwa mabaki ya sabuni na uchafu wa mwili.

Mama, usidhani ni madoa tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioeleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na kikohozi, kifua kubana na pumu. Mtoto mwenye pumu huumia zaidi.

Basi fanya hivi. Mtoe mtoto, fungua mlango na dirisha, vaa glavu. Sugua ukuta kwa brashi, maji na sabuni, kisha usuuze. Ukitumia Jik, isizidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji. Paka, ngoja dakika 10, suuza tena. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Wala usipake rangi juu ya ukungu. Utarudi baada ya muda mfupi.

Ili usirudi, ondoa unyevu. Kila mkimaliza kuoga, pangusa kuta kwa kitambaa kikavu na uache mlango wazi. Tengeneza bomba linalovuja. Nguo mbichi zianikwe nje. Kama bafu halina tundu la hewa, zungumza na mwenye nyumba alitoboe. Ni kazi ya fundi ya siku moja.

Mtoto akikohoa kwa muda mrefu au akipumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya mapema, na umweleze daktari kuhusu ukungu huo.