Kuatika: mche, mizizi na wakati wa maua

Kuatika ni kutoa mche kitaluni na kuupanda mahali utakapokulia hadi uzae. Kinachohamishwa ni mmea ulio na mizizi yake tayari, na hapo ndipo kuatika kunapotofautiana na kupanda mbegu, au kupanda vipande vya muhogo na mashina ya viazi vitamu, ambavyo huingia ardhini bila mzizi hata mmoja. Katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, mazao yanayoatikwa ni mengi: nyanya, kabichi, sukuma wiki, vitunguu, kahawa, pasheni, mikalatusi na migrevilea ya mipakani.

Hata hivyo, neno lenyewe halisikiki sana. Kitale, katika Trans Nzoia, ni mji wa mahindi. Ndipo Kenya Seed Company ilipoanzishwa mwaka 1956, na ndipo mbegu chotara ya H611 ilipotoka mwaka 1964. Mahindi hutiwa shimoni moja kwa moja, kwa hiyo lugha ya wakulima imejaa maneno ya kupanda, kupalilia na kuvuna, na kazi ya kitaluni imeachiwa maneno ya kuazima. Wengi husema wanahamisha miche, au wanapandikiza.

Kupandikiza ni neno zuri lenye mzigo mkubwa mno. Hospitalini, figo hupandikizwa. Baadhi ya wafugaji hulitumia kwa ng'ombe anayetiwa mbegu ya dume bila dume. Kwa wauza miche ya matunda, kupandikiza ni kuunganisha kikonyo cha mmea mmoja na shina la mwingine. Mkulima wa pasheni wa Trans Nzoia hukutana na mkanganyiko huu waziwazi, kwa sababu mche wake hupitia kazi zote mbili: kikonyo cha pasheni ya zambarau huunganishwa kwanza na shina la pasheni ya manjano, ambalo huvumilia zaidi ugonjwa wa mnyauko unaotoka udongoni, kisha mche huo huo hupelekwa shambani. Akiambiwa asitie mbolea kwa wiki mbili baada ya kupandikiza, hawezi kujua siku zianze kuhesabiwa kisu kilipopita au jembe lilipopita. Inafaa kupandikiza kubaki kwa kazi ya kisu, na kuatika kuwe kwa kazi ya jembe. Kuhamisha mche kutoka mfuko mdogo hadi mkubwa, au kutoka tuta la kuoteshea hadi mfukoni, kuna hatari zile zile za kuatika, ila mmea bado uko kitaluni chini ya kivuli; kazi hiyo inatosha kuitwa kuhamishia mfukoni.

Hatari hizo zinaanzia kwenye vinyweleo vya mizizi. Ni nyuzi laini sana, ndefu kwa milimita chache tu, zinazoota karibu na ncha ya mzizi na kuishi kwa muda mfupi. Sehemu kubwa ya maji ambayo mche unakunywa hupitia huko, wala si kwenye mizizi minene inayoonekana kwa macho. Mche ukichomolewa kwa nguvu, mizizi minene hutoka na vinyweleo hubaki udongoni. Mtu huona mizizi mkononi akadhani mche umetoka mzima, kumbe uwezo wake wa kunywa umeachwa kwenye tuta.

Majani hayana habari na hasara hiyo. Yanaendelea kupoteza maji kwa jua na upepo hadi vitundu vyake vijifunge. Vikijifunga, maji yanaokolewa, lakini hewa ya kaboni dioksidi nayo haiingii, na jani haliwezi kuunda sukari. Mche hunyauka mchana, hujiinua usiku, na kwa siku kadhaa hauongezi hata jani moja. Hali hii ndiyo mshtuko wa kuatika. Si ugonjwa, na dawa ya kunyunyizia haiuondoi. Unaisha vinyweleo vipya vinapoota, na mche wenye afya huweza kufanya hivyo ndani ya wiki moja au mbili, mradi una sukari ya kujengea mizizi.

Ndiyo maana umri wa mche una uzito kuliko urefu wake. Nyanya huatikwa zikiwa na wiki 4 hadi 6, na majani halisi manne hadi sita, shina likiwa nene kama penseli au pungufu kidogo. Kabichi na sukuma wiki huwa tayari baada ya wiki 4 hivi, vitunguu baada ya wiki 6 hadi 8. Katika umri huo mche bado unajenga mwili: sehemu nzuri ya sukari ya majani inashuka mizizini. Nyanya ina bahati zaidi, kwa kuwa shina lake huotesha mizizi mipya likizikwa, na mkulima anaweza kuliingiza ardhini hadi karibu na majani ya kwanza. Karoti haina bahati hiyo. Mzizi wake mkuu ukiguswa hugawanyika, na mavuno huwa ni karoti zenye miguu miwili.

Sasa uchukuliwe mche wa nyanya uliokaa kitaluni kupita muda wake, kwa sababu mvua ya Aprili imechelewa au mwenye shamba hajamaliza kulima. Miche ya namna hii huonekana sokoni kila msimu, imefungwa mafungu na kufunikwa kwa gunia bichi. Shina limekuwa gumu na lenye rangi ya zambarau, majani ya chini yamegeuka manjano, na juu kabisa kuna shada la maua mawili au matatu. Mnunuzi asiyejua huyafurahia maua hayo, akiona amepunguziwa muda wa kusubiri. Amekosea. Mmea ukifika wakati wa maua hubadili njia ya sukari yake: maua na matunda machanga huvuta kwa nguvu, na mizizi hubakishiwa kidogo. Ukiatikwa wakati huo, unatakiwa kujenga mizizi upya ilhali akiba imekwisha kuelekezwa kwingine. Kwa kawaida mmea huyadondosha maua hayo. Usipoyadondosha, huzaa tunda moja au mawili madogo na kudumaa, na msimu umekwenda.

Kwenye koliflawa adhabu huonekana wazi zaidi: mche uliozeeka kitaluni hufunga kichwa kidogo kama kifungo cha koti, na hakuna mbolea itakayokikuza. Kwa vitunguu, mche uliopitiliza huweza kukimbilia kutoa maua badala ya kitunguu.

Miti na kahawa hukaa kitaluni miezi mingi kabla ya kuatikwa, na bado huwa mbali na wakati wa maua, kwa hiyo maua si tatizo kwao. Tatizo ni mfuko. Mizizi ikifika chini ya mfuko hujikunja, au hutoboa na kuingia ardhini, na siku ya kuondoa mfuko hukatika yote. Watunza vitalu wazuri huinua mifuko kila baada ya wiki chache na kukata mizizi iliyotoka, ili mingine iote ndani ya donge la udongo. Kosa baya zaidi hufanyika mapema, mche mchanga unapohamishiwa mfukoni na mzizi wake mkuu kuingizwa ukiwa umepinda kama ndoana. Mkahawa wa namna hiyo katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kapsokwony au Chesikaki, unaweza kuota na kupendeza kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha huja kiangazi kirefu, majani yanakuwa manjano, na mwenyewe anaung'oa akitafuta mdudu. Anakuta mzizi mkuu uliogeuka kuelekea juu, na miezi yote hiyo haukushuka.

Kati ya Kitale na Bungoma kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni mwinuko. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 inatosha kuongeza joto kwa nyuzi 3 hivi. Mche uliokuzwa kivulini Kitale, ukapakiwa kwenye matatu kupitia Kiminini na Webuye, ukapandwa Bungoma siku hiyo hiyo, hupata misukosuko miwili kwa pamoja, ule wa kuatikwa na ule wa joto. Dawa yake ni kuuzoesha: kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuatikwa, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo na maji hupunguzwa bila kukatwa kabisa, hadi majani yawe mazito na shina ligangamae. Kuzoesha ni istilahi inayotosha kwa kazi hii.

Siku yenyewe, tuta hunyweshwa saa chache kabla, mche huinuliwa kwa mwiko pamoja na donge lake, na kazi hufanywa jioni au siku ya mawingu. Udongo unaozunguka mizizi hukandamizwa kwa vidole ili usiache nafasi za hewa, kisha maji hutiwa tena.

Ikiwa hakuna budi kuatika mche ulio na maua, kwa mfano mche wa nyanya au pilipili uliofurika kwenye kopo lake, hatua ya kwanza ni kuchuna maua yote na tunda lolote lililoanza. Donge la udongo halivunjwi, bali mizizi iliyozunguka pembeni hulegezwa kwa vidole. Majani ya chini hupunguzwa ili maji yanayopotea yalingane na mizizi iliyobaki, na mche huwekewa kivuli kwa siku tano au sita. Mbolea ya chumvichumvi husubiri hadi jani jipya lionekane, kwani chumvi nyingi karibu na mzizi uliojeruhiwa huuzuia kunyonya maji. Nyanya iliyotunzwa hivyo hutoa shada jipya la maua wiki chache baadaye, ikichelewa nyuma ya zile zilizoatikwa kwa wakati wake.