Demensia ya Mishipa ya Damu: Kinga Ianzie Zahanati

Tangu Marekani iidhinishe dawa ya lecanemab mwaka 2023, mjadala wa demensia umeelemea dawa za kuondoa protini ya amiloidi kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Makala hii inadai kwamba kipaumbele hicho hakitufai Afrika Mashariki. Hapa kwetu silaha ya kwanza ni kipimo cha presha.

Chanzo cha demensia ya mishipa ya damu hakina ubishi mkubwa. Mwaka 1974, Hachinski na wenzake walionyesha kuwa kinachoua akili ni viharusi, vikubwa na vidogo, wala si mishipa kusinyaa polepole kwa uzee. Vile vidogo mara nyingi hupita bila mgonjwa kupooza. Ubishi uko kwenye utambuzi. Vipimo vingi hutanguliza kumbukumbu, ilhali ugonjwa huu aghalabu huanza kwa kuvuruga mpangilio na kasi ya kufikiri. Bibi anawataja wajukuu wote kwa majina, lakini akiingia jikoni anasonga ugali kabla maji hayajachemka, na sokoni chenji inamshinda. Hali yake hutulia kwa miezi, kisha ikaporomoka ghafla. Jirani husema karogwa. Daktari anayepima kumbukumbu tu anaweza kumwambia hana tatizo.

Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka vijijini China. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulihusisha vijiji 326 na watu wapatao 34,000 wenye presha isiyodhibitiwa. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini, wakisimamiwa na madaktari, walianzisha dawa na kurekebisha dozi kwa mwongozo rahisi, wakilenga presha chini ya 130/80. Wagonjwa walipewa dawa bure au kwa bei nafuu, pamoja na mashine za kupimia presha nyumbani. Baada ya miaka 4, demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko katika vijiji vya huduma ya kawaida. Kazi hiyo haikufanywa na mabingwa wa ubongo, bali na watu wanaofanana na matabibu wa zahanati zetu.

Wapo watakaosema kuwa utafiti huo ulihesabu demensia za aina zote. Ni kweli, lakini hilo halidhoofishi hoja. Utafiti wa masista wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kuwa kati ya waliokuwa na dalili za Alzheimer kwenye ubongo, wenye viharusi vidogo ndio waliopata demensia zaidi. Anayelinda mishipa hupunguza pia makali ya Alzheimer. Wengine watasema China si Tanzania. Lakini katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta takriban asilimia 70 ya wenye miaka 70 na zaidi wana presha ya juu, na wachache mno ndio waliodhibitiwa. Penye pengo kubwa hivyo, huenda faida ikazidi ile ya China.

Kwa hiyo wizara za afya zihesabu kliniki ya presha kuwa kliniki ya ubongo: dawa zisikatike zahanati, na kila mzee anayepimwa presha aulizwe pia kama bado anamudu kupika, kuhesabu fedha na kupanga siku yake.