Mchezo na Lugha Ufukoni mwa Ziwa Mweru

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kusoma habari za Kiswahili cha Lamu, cha Unguja, cha Mombasa na, mara chache, cha Lubumbashi. Ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, uliomo katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo huko Nchelenge kuna jambo linalotuhusu sana sisi walimu wa lugha. Mzazi asemaye Kiswahili anapomshika mkono mtoto wake wa miaka mitatu au minne kumpeleka shule ya awali, anamwandikisha katika lugha gani? Na akifika akawakuta watoto wanafinyanga udongo na kupanga vijiwe, aamini kwamba hiyo ni shule?

Aghalabu maswali haya hujibiwa mbalimbali, la kwanza na wanaisimu, la pili na wataalamu wa malezi. Sisi twaona kwamba ni swali moja, na kwamba historia ya mahali penyewe ndiyo inayolifunga pamoja.

Tuanze na mchezo. Si kweli kwamba kujifunza kwa kucheza kuliletwa Luapula na wageni. Wasemaji wa Kibemba huita amansansa vile vijumba ambavyo watoto hujijengea kando ya kijiji, wakawa baba na mama, wakapika, wakagombana na kusuluhishana. Kadhalika wana mchezo wa chiyenga: shimo dogo, vijiwe kadhaa ndani yake, na jiwe moja la kurusha juu; kabla halijadakwa, mkono umekwisha kuvuta vijiwe na kurudisha visivyotakiwa. Msomaji wa pwani amekwisha kuutambua: ni mdako wetu. Mtoto achezaye mdako huhesabu, hutoa, hupima mwendo wa jiwe kwa mwendo wa mkono, na juu ya yote hubishana. Sisi ambao tumefundisha sarufi kwa miaka mingi hatujaona zoezi lililo bora kuliko mabishano ya mdako, maana humo mna umoja na wingi, mna wakati uliopita, na mna masharti: ungalidaka, ungalishinda.

Wazo la kuutia mchezo darasani ndilo lililotoka mbali. Friedrich Froebel alifungua kituo chake huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, na marufuku hayo yakadumu mpaka 1860. Dola yenye majeshi na mizinga iliogopa watoto wenye vipande vya mbao! Baadaye wazo hilo lilienea ulimwenguni kote, na kwetu likapewa majina mengi: shule za vidudu, chekechea, nasari, na sasa shule za awali.

Katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto ilitungwa mwaka 1957. Sheria hiyo iliviweka vituo chini ya mamlaka za mitaa. Hapana budi tulitazame neno hilo kulelea. Mtoto alihesabiwa kuwa mtu wa kutunzwa mchana wazazi wakiwa kazini. Kufundishwa kulikuwa jambo la baadaye. Kwa hiyo vituo viliota penye mishahara, yaani katika miji ya migodi na ile iliyo kando ya reli, wala si kwenye vijiji vya wavuvi, ambako mama huuza samaki na mtoto yu mgongoni au yu chini ya uangalizi wa dada yake. Uhuru ulipopatikana mwaka 1964 mpango huo haukubadilika mara moja. Makanisa, halmashauri na watu binafsi ndio waliobeba kazi. Ni mwaka 2004 tu ambapo serikali iliihamishia elimu ya awali Wizara ya Elimu, karibu nusu karne tangu sheria ile. Kisha ukaja mtaala wa 2013, uliosema mambo mawili yenye uzito: kwamba mtoto wa shule ya awali ajifunze kwa kucheza, na kwamba afundishwe katika lugha ya Kizambia anayoifahamu. Kwa Mkoa wa Luapula lugha hiyo ilikuwa Kibemba. Mtaala huo ulipoanza kutumika, madarasa ya awali yakaanza kufunguliwa ndani ya shule za msingi za serikali, na mwanzoni mwa 2022 ada zikaondolewa katika shule za serikali, kuanzia awali hadi sekondari.

Sasa tugeukie lugha. Kiswahili si mgeni wa jana katika ziwa hili. David Livingstone alipoliona Ziwa Mweru mwezi Novemba 1867 na kuendelea hadi kwa Mwata Kazembe, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kuishi katika nchi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alikuwa amempiga Nsama wa Itabwa, upande wa mashariki wa ziwa, na habari za vita hivyo alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake ambacho wengi wetu tumekisoma. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani, ambacho leo ni sehemu ya Zambia, kilikuwa mikononi mwa Mswahili aliyejulikana kwa jina la Simba. Tusisahau kwamba biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa pia. Lugha yetu ilifika Mweru ikiwa na minyororo mkononi, na mwalimu asiyelisema hilo hafundishi historia.

Iliporudi mara ya pili ilikuja kwa njia nyingine. Migodi ya Katanga ilivuta watu wa Luapula kwenda Elisabethville, mji uliojengwa mwaka 1910 na ambao sasa ni Lubumbashi, na huko Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya mitaa. Samaki wa Mweru walikwenda huko, maneno yakarudi. Mpaka uliopita katikati ya maji haukuwatenga watu wa damu moja, na hata leo mtumbwi huvuka kwenda Pweto au mji wa Kilwa wa Kongo bila mwenyewe kuona kwamba amekwenda ng'ambo.

Mara ya tatu ni hii ya siku zetu. Tangu Agosti 2017 mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongo kuingia Zambia. Walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge, kwa nia kwamba wakimbizi na wenyeji watumie huduma pamoja, shule zikiwa miongoni mwake. Zaidi ya nusu ya waliokuja walikuwa watoto. Baadhi yao walikijua Kibemba kutoka kwa bibi zao, maana ndugu wako pande zote mbili. Wengine walikuja na Kiswahili cha Katanga na lugha ya nyumbani tu. Mtaala uliowangoja ulikuwa wa Zambia.

Hapa ndipo maswali yale mawili yanapokutana. Mtaala ulisema lugha anayoifahamu mtoto, nao ukamaanisha lugha ya mkoa. Kwa mtoto wa mvuvi wa Kashikishi mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Kwa mtoto aliyezaliwa Pweto huenda yasiwe. Tumtazame mtoto huyo ndani ya darasa la aina ile ambayo wazazi wengi huipenda, kwa kuwa husikika hadi barabarani: watoto wameketi safu kwa safu, wanaimba herufi na tarakimu baada ya mwalimu, mara kwa Kibemba, mara kwa Kiingereza. Ataimba. Watoto huiga sauti upesi. Lakini hataelewa, na mwalimu hatajua kwamba hakuelewa, kwa sababu sauti yake imemezwa na sauti za wenzake. Mzazi akipita nje ataridhika.

Mtie sasa katika darasa la michezo. Vijiwe na shimo havihitaji mkalimani. Atashika jiwe, atarusha, atakosea, mwenzake atamkemea kwa Kibemba, naye atajibu kwa Kiswahili. Lugha zote mbili ni za Kibantu, na upesi watagundua kwamba neno moja na jingine ni ndugu: huyu akisema abantu, yule husema watu, basi hapo ndipo penye kazi. Mwalimu aliye karibu anaona ni nani asiye na maneno na ni maneno gani anayokosa. Wazazi husema kwamba shule hiyo inapoteza wakati. Sisi twasema kwamba kwenye mpaka wa nchi hakuna somo jingine ambalo mtoto asiye na lugha ya darasa anaweza kuliingia siku ya kwanza.

Mfano wa kuaminika tunao pwani. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walimweleza Aga Khan hofu yao kwamba watoto wao wanaachwa nyuma katika shule. Kazi ikaanzishwa na mwalimu Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 shule ya kwanza ya awali ya mpango wa Madrasa ikafunguliwa. Zanzibar ikafuata mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, vifaa vilikuwa makopo, vifuu, kombe na vitambaa, na mafunzo ya dini yalikaa pamoja na michezo bila ugomvi. Wazazi waliokuwa na shaka waliitwa waje kuvitengeneza vifaa hivyo kwa mikono yao. Twadhani hili la mwisho ndilo lililofanya kazi kuliko yote, maana mzazi aliyekwisha kushona mwanasesere wa kitambaa haoni tena kwamba ni upuuzi.

Nchini Tanzania sera ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na lugha si tatizo kubwa kama Nchelenge. Tatizo huwa wingi wa watoto mbele ya mwalimu mmoja, nao huwarudisha wengi kwenye kuimba kwa pamoja.

Basi mzazi wa Mantapala au Kashikishi anapokwenda kuandikisha, aulize mambo machache. Je, mwalimu anawaacha watoto waseme wao kwa wao? Je, yumo mtu mzima shuleni anayesikia Kiswahili mtoto anapolia au anapotaka kwenda chooni? Je, mama na bibi wanakaribishwa kuja na hadithi za kwao? Akijibiwa ndiyo, Kibemba kitakuja chenyewe kwa njia ya vijiwe. Nyumbani aendelee kusema Kiswahili jioni, wakati wa kuanika dagaa na wakati wa kulala.