Kimo, Kiuno na Pima: Habari za Kipimo Kimoja Mkoani Morogoro

Katika Kiswahili cha zamani mwili wa mtu ulikuwa ndio ufito wa kupimia. Shibiri mbili ni dhiraa moja, itokayo kisugudini hata ncha ya kidole cha kati. Na dhiraa nne ni pima moja, yaani upana wa mikono iliyonyoshwa, nao hukaribia sana kimo cha mwenyewe.

Kipimo cha namna hii kimerudi kwa njia ya utabibu. Mwaka 1947 Jean Vague wa Marseille alionyesha kuwa mahali yakaapo mafuta mwilini pana uzito katika kuleta kisukari. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Marekani aliyaeleza shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu kuwa matawi ya shina moja. Mwaka 2005 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaweka mpaka wa kiuno: sentimita 94 kwa wanaume, 80 kwa wanawake. Mipaka hiyo ilitokana na Wazungu. Waafrika waliazimwa tu, hata wapate takwimu zao.

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenziwe walitangaza uchunguzi wa watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara: wenye kisukari hawakufika mmoja katika mia. Uchache huo haukuwa ahadi ya kudumu, kwani maisha hubadilika, hata miteremkoni mwa Uluguru.

Hapa lugha yaingia. Matabibu hupima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Lakini kiuno cha Mswahili hushuka hata nyongani; na mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo. Akiambiwa “pima kiuno” bila maelezo, aweza kupima pasipo na hatari, na hatari ikafichika.

Yafaa basi uzi: ukatwe sawa na kimo, ukunjwe mara mbili, uzungushwe tumboni. Usipokutana, mtu huyo apelekwe kupimwa sukari na shinikizo la damu. Uzi wenyewe hautambui ugonjwa. Nusu ya kimo hiyo ni karibu na dhiraa mbili za mwenyewe. Sokoni dhiraa ilileta ugomvi kwa kuwa mikono ya watu hailingani; katika kazi hii kutolingana huko ndiko kufaa kwake, maana kila mtu hupimwa kwa mwili wake.