Somo la Historia: Kosa la Watu Wawili Njia Panda

Ninyi mlio katika darasa la Kimwani, na wenzenu wote wa Muleba na Bukoba, karibuni. Wekeni madaftari tayari, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu ni historia ya jambo moja la sheria. Magari mawili yakigongana njia panda, na kila dereva ana kosa lake, nani alipe?

Mnaijua njia panda ya Kyamyorwa, mahali ambapo barabara itokayo Geita hukutana na ile ya Bukoba na Biharamulo. Tuseme mtu anakuja na baisikeli, amefunga mkungu wa ndizi nyuma. Anaingia barabara kubwa bila kutazama kulia. Wakati huo huo lori linakuja kwa kasi kupita kiasi. Linamgonga, mguu wake unavunjika. Mwenye baisikeli amekosa. Dereva naye amekosa. Je, majeruhi alipwe, au aambiwe, "Umejitakia mwenyewe"?

Zamani jibu lilikuwa kali. Sheria yetu ya madai ya namna hii ilitoka Uingereza, basi na tuanzie huko. Mwaka 1809 mahakama iliamua shauri la mtu aitwaye Butterfield. Mtu mwingine, Forrester, alikuwa akitengeneza nyumba, akalaza mti kukata sehemu ya njia. Jioni Butterfield alitoka kilabuni, akapanda farasi, akamkimbiza sana. Hakuuona mti ule. Akaanguka, akaumia. Mahakama ikasema kwamba hakujiangalia, kwa hiyo hapati kitu. Kanuni ikawa hiyo: aliyechangia ajali, hata kwa kosa dogo, alikosa fidia yote.

Mwaka 1842 likaja shauri la punda. Mwenyewe alimfunga miguu ya mbele, akamwacha ale majani kando ya barabara. Gari la farasi watatu likaja mbio, likamwua. Mahakama ikasema mwenye gari angeweza kumwepa punda kama angekwenda kwa uangalifu. Mwenye punda akapewa shilingi 40. Tangu hapo mahakimu waliuliza: nani alikuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali? Huyo alipe yote.

Sasa fikirini njia panda. Magari mawili yanakutana kwa nukta chache tu. Nani alikuwa na nafasi ya mwisho? Swali hilo liliwatatiza mahakimu sana, na kila mara mtu mmoja alibeba mzigo wa wawili.

Msaada ulitoka baharini. Mwaka 1911 Uingereza ilitunga sheria kwamba meli zikigongana, kila upande ubebe hasara kwa kadiri ya kosa lake. Mwaka 1945 haki hiyo ikafika nchi kavu. Mwaka 1955 ikaingia katika sheria ya Tanganyika, nayo ilibaki baada ya Uhuru wa 1961.

Haya, shikeni kalamu. Tuseme hasara ya mwenye baisikeli ni shilingi 1,000,000. Hakimu anaona kosa lake ni sehemu 30 katika 100, na la dereva ni sehemu 70. Toeni 300,000. Zinabaki 700,000. Hizo ndizo atakazolipwa. Kwa kanuni ya 1809 angerudi nyumbani kwa magongo, mikono mitupu.

Na ikiwa ushahidi hautoshi kuonyesha nani alikosa zaidi? Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba hapo kosa ligawanywe nusu kwa nusu.

Basi mwone jinsi ushahidi ulivyo mali. Hakimu hagawi kwa kumhurumia mtu. Hutazama nani alikwenda kasi, nani hakusimama, taa ziliwaka au la, na alama za magurudumu zilianzia wapi. Kwa hiyo ajali ikitokea, msaidieni majeruhi kwanza, kisha waiteni polisi. Andikeni namba ya gari, saa, na majina ya walioona. Ndiyo sababu mmoja tunajifunza kuandika.

Kumbukeni pia kwamba faini ya dereva huenda Serikalini. Fidia ya majeruhi ni dai lingine, nalo hudaiwa kwa dereva, au tajiri wake, ambaye kwa kawaida ana bima. Mtu akikwambia, "Wewe nawe ulikosa, huna haki," mjibu kwamba kosa lako hupunguza haki, haliifuti.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini Butterfield hakulipwa?
2. Hasara ni shilingi 400,000, na kosa la majeruhi ni robo. Atalipwa kiasi gani?
3. Katika kijiji chenu, ni njia panda ipi yenye hatari, nanyi mtafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.