Beki na Sare Mbili

Husimuliwa kwamba Gor Mahia, mganga wa Kanyamwa kule Ndhiwa, Homa Bay, alikuwa akijigeuza umbo adui akimkaribia. Klabu iliyozaliwa 1968 kwa jina lake ilitegemea mabeki. Mwaka 1987 nahodha alikuwa beki, Austin Oduor. Fainali ya Kombe la Washindi Afrika: Tunis, 2-2 na Espérance; Nairobi, 1-1. Mabao ya ugenini yakaamua.

Kutoka Migori hadi Homa Bay, ukigusia fainali hiyo utatajiwa Peter Dawo, mfungaji, na ni haki yake. Lakini hebu piga hesabu: bao moja zaidi la Espérance pale Kasarani, bila jibu, wangeondoka na kombe. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Bao lililozuiwa haliandikwi popote.